Kinga za Taekwondo Changamwe: Namna ya Kuzivaa, Kuzipigia Mateke na Kuzitunza

Katika mazoezi ya mateke, kinga huvaliwa na mtu mmoja lakini hulinda wawili. Hogu uliyoifunga kifuani inaokoa mbavu zako, na papo hapo inauokoa mguu wa anayekupiga usigongane na mfupa. Shingadi iliyofunika muundi na mgongo wa mguu wako inakupunguzia maumivu wewe, na inampunguzia mwenzako ugumu wa pigo lako. Kwa hiyo kinga iliyochakaa, inayonuka au isiyokukaa vizuri ni madhara unayompelekea mtu aliyekuamini akasimama mbele yako. Kila kijana na kila mzazi, kuanzia Chaani na Port Reitz hadi Migadini na Magongo, anapaswa kulielewa hili kabla ya mkanda wa kwanza kufungwa.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, vifaa ni ghali, na mara nyingi seti moja ya klabu huvaliwa na watoto kadhaa jioni moja. Pili, hewa ya pwani haina huruma: jasho halikauki upesi, chumvi iko hewani na majini, na mfuko uliofungwa usiku mmoja tu unaweza kuamka na koga.

Kila kinga na kazi yake

Siri ya kinga ni sponji ngumu iliyomo ndani. Teke linapotua, sponji hubonyea. Kubonyea huko hurefusha muda wa pigo na kulitawanya katika eneo pana, kwa hivyo mfupa haupokei nguvu yote kwa mara moja mahali pamoja. Sponji iliyolala isiinuke tena haifanyi kazi hiyo, hata kama ngozi ya nje bado inang'aa.

Ukitaka kujua mateke yataelekea wapi, tazama hesabu ya pointi. Katika kanuni za World Taekwondo, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ngumi ya kifuani hupata pointi 1, teke la kiwiliwili 2, na teke la kichwani 3. Teke la kugeuka likitua kiwiliwilini ni 4, na likitua kichwani ni 5. Katika fainali ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast alikuwa nyuma hadi sekunde ya mwisho, akarusha teke la kichwani na kuondoka na dhahabu. Vijana wanapenda kulijaribu teke kama hilo, na ni haki yao kuliota. Lakini kabla ya ndoto hiyo kuna kichwa cha mwenzako.

Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, hangeruhusiwa kuingia ulingoni bila kinga zote zilizowekwa na kanuni. Anayefanya mazoezi katika ukumbi wa shule ana sababu kubwa zaidi ya kuzivaa, maana kando ya mkeka wake hakuna daktari anayesubiri.

Vaa kwa mpangilio huu, ili usije ukasahau iliyo muhimu kwa sababu haionekani:

1. Kinga ya kinena. Huvaliwa ndani ya doboki (sare ya taekwondo), na ni ya wanaume na wanawake, ingawa maumbo yake hutofautiana.
2. Kinga za vigasha na za miundi, nazo pia ndani ya doboki. Kigasha ndicho kinachozuia mateke mengi, na muundi ndio unaogongana na muundi wa mwenzako mnapopiga kwa pamoja.
3. Kifuniko cha mgongo wa mguu, ikiwa hamtumii soksi za kielektroniki (zinazohesabu mateke).
4. Hogu, ifungwe na mtu mwingine kwa nyuma.
5. Glavu, kwa ajili ya vidole vinavyojikuta njiani mwa teke.
6. Kinga ya meno, kisha helmeti mwisho.

Ijaribu kabla ya kuiamini

Hogu hupimwa kwa namba, na namba za kiwanda kimoja si lazima zifanane na za kingine. Usiamini namba, amini mwili. Ukisimama wima, ukingo wa juu ukae karibu na mtulinga bila kukukaba shingo, na wa chini ufike usawa wa nyonga. Kisha inua goti hadi usawa wa kifua. Hogu ikilisukuma paja chini ni kubwa mno. Nayo ikipanda mbavu za chini zikabaki wazi, ni ndogo. Nyuma, vidole viwili vipite kati ya kamba na mgongo, visizidi.

Helmeti ishike paji la uso, masikio na kisogo bila kuziba macho. Funga mkanda wa kidevu, kisha tikisa kichwa kwa nguvu kulia na kushoto. Ikizunguka peke yake, itakuziba macho wakati teke liko njiani. Wazazi wengi hununua helmeti kubwa ili mtoto "akue nayo". Kwa sare ya shule ni busara. Kwa kichwa si busara hata kidogo.

Kwa wasichana wanaovaa hijabu, kitambaa kinachobana kichwa kisicho na mafundo ndicho kinachokaa vizuri chini ya helmeti. Pini zote zitoke, hata ile ndogo ya chini ya kidevu, kwa sababu teke likiigonga itachoma shingo. Mchezaji wa taekwondo Kimia Alizadeh alipata shaba ya Olimpiki mwaka 2016 akiwa amejifunika hivyo, basi asiwepo wa kumwambia binti yako kwamba stara na mchezo huu haviendi pamoja.

Kinga ya meno ya kuchemsha ni rahisi kupatikana na inatosha kwa mazoezi. Itumbukize katika maji ya moto kwa sekunde zilizoandikwa kwenye paketi, iache ipoe kidogo, kisha iume na kuibana kwa midomo na ulimi ishike umbo la meno yako. Ikikaa sawasawa haidondoki ukifungua mdomo. Mtoto anayeng'oka meno atahitaji nyingine mara kwa mara, na aliyefungwa waya wa meno aulize daktari wa meno kwanza.

Onyo moja kuhusu shingadi. Vijana wengi huazima zile za mpira wa miguu. Nyingi zake zina ubao mgumu wa plastiki kwa nje, uliotengenezwa kuzuia kiatu. Katika taekwondo ubao huo ndio utakaompiga mwenzako ubavuni. Shingadi ya mateke iwe laini kwa nje pia.

Mateke kwa ngazi

Kinga haimfundishi mtu kudhibiti mguu. Inampa nafasi ya kujifunza bila kumuumiza mwingine. Kwa hiyo pandeni ngazi moja baada ya nyingine.

Ngazi ya kwanza ni pedi ya mkononi. Anayeishika asiiweke mbele ya uso wake wala karibu na goti. Aiweke kando ya mwili, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo ili mkono uweze kurudi nyuma pamoja na teke. Mkono ulionyooka na kukakamaa huumia kiwiko. Anayepiga dolyochagi (teke la mzunguko) anyooshe vidole vya mguu ili teke litue kwa mgongo wa mguu, si kwa vidole.

Ngazi ya pili ni ngao kubwa. Hapo ndipo mahali pa yopchagi (teke la ubavu) na twichagi (teke la nyuma), mateke yanayobeba uzito wote wa mwili hadi kisiginoni. Anayeshika ngao aibane mwilini, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kidevu chini. Ngao ikishikwa mbali na mwili, ndiyo itakayompiga yeye.

Ngazi ya tatu ni mtu aliyevaa hogu. Anza kwa nguvu ndogo, teke liguse na kurudi. Tatizo kubwa hapa ni kiwiko: mpokeaji akishusha mkono ghafla, mgongo wa mguu wa mpigaji hukutana na mfupa mkali, na uvimbe wake unaweza kumweka nje kwa wiki kadhaa. Mpokeaji ainue mikono kama alivyoelekezwa, na mpigaji ainue goti kwanza kabla ya kufungua mguu, ili teke lipite juu ya kiwiko.

Ngazi ya nne ni mpambano wa masharti: mmoja anashambulia, mwingine anazuia, au wote wanatumia mguu mmoja tu. Ya tano ni mpambano huru, na kinga zote lazima ziwe mwilini. Asiye na kinga ya meno leo apige pedi leo. Kocha asiyetetereka katika hili anawalinda watoto kuliko kifaa chochote.

Ama kichwa, kina hukumu yake. Helmeti hupunguza michubuko, mipasuko na madhara ya kichwa kugonga sakafu. Haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Mazoezini, teke la kichwani liwe la kugusa tu, hata kama helmeti ni mpya na ya bei kali.

Joto nalo ni mpinzani

Miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, mchezaji aliyevaa hogu na helmeti katika ukumbi usio na feni anapikwa. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Hewa yenye unyevu mwingi huzuia jasho kukauka, na hogu huziba kiwiliwili kizima. Fanyeni mizunguko ya dakika 2 kama mashindanoni, lakini mapumziko yawe marefu zaidi ya ile dakika moja ya ulingoni, na kila baada ya mizunguko michache helmeti zivuliwe na hogu zilegezwe. Maji yanywewe kidogo kidogo kabla kiu haijafika. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga afanye mbinu na kunyoosha viungo mchana, mpambano uachwe hadi baada ya kufuturu.

Anayelalamika kizunguzungu au kichefuchefu, au anayeanza kuongea bila mpangilio, avuliwe kinga mara moja, alazwe kivulini, amwagiwe maji na apepewe. Asiporudi katika hali yake upesi, apelekwe hospitali.

Baada ya kila zoezi

Kazi ya kutunza huanza kabla hujatoka ukumbini. Futa jasho kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ndani na nje, kisha kwa kitambaa kikavu. Ndani ya helmeti na ndani ya glavu ndiko uvundo unakoanzia, basi usipaharakishe. Funga velkro zote zikiwa tupu, kwa sababu velkro iliyo wazi hukwaruza hogu ya jirani yake mfukoni na kukusanya nyuzi.

Njiani kuelekea nyumbani, usizifungie kinga katika mfuko wa nailoni. Foleni ya malori barabara ya Magongo inatosha kuzipika. Ile neti ya vitunguu iliyobaki jikoni inafaa sana: ni nyepesi, inapitisha hewa, na ukifika unaitundika vilevile ilivyo.

Ukifika, toa kila kitu ukianike kivulini penye upepo. Jua kali la adhuhuri huua koga, lakini pia hupasua ngozi bandia na kuikausha sponji mpaka ikakatika. Jua la asubuhi kwa muda mfupi halidhuru. Jua likizama, ingiza ndani, kwani umande wa usiku hurudisha unyevu wote ulioutoa mchana. Anayekaa kando ya barabara kuu aanike upande wa uani, maana vumbi la malori likiganda juu ya unyevu huwa kama msasa kila hogu inapokunjwa. Wakati wa masika, jaza magazeti ndani ya glavu na helmeti, badilisha yakilowa, na elekeza feni.

Kuosha, na habari ya maji ya chumvi

Mara moja kwa wiki, osha kwa mkono. Tumia beseni la maji ya kawaida na sabuni laini. Sugua kwa kitambaa au brashi laini, ukifuata mishono. Usiloweke kwa saa nyingi, usitumie mashine, na usikamue kwa kupinda, kwa sababu sponji iliyopindwa hukatika ndani bila kuonekana. Ibonyeze tu kwa viganja kati ya taulo mbili.

Maji ya visima vingi Mombasa yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, na chumvi hubaki katika kitambaa baada ya maji kukauka. Kazi ya chumvi hiyo ni kuvuta unyevu wa hewani, hivyo kinga uliyodhani imekauka huamka imelowa tena. Pia hukakamaza velkro na kutia kutu kwenye vidude vya chuma. Kama huna budi kuosha kwa maji ya kisima, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Nusu mtungi unatosha kwa seti nzima ukitumia kitambaa badala ya kumwaga.

Harufu ikikaidi, futa kwa siki nyeupe kipimo kimoja iliyochanganywa na maji vipimo vitatu, acha robo saa, suuza, anika. Kamwe usichanganye siki na Jik (dawa ya kung'arisha nguo), maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Jik iwekwe akiba kwa damu: futa damu kwanza ukiwa umevaa glavu za mpira, kisha pangusa mahali hapo kwa Jik kipimo kimoja na maji vipimo tisa, subiri dakika 10, halafu suuza vizuri. Ikitumika kila wiki italegeza nyuzi na kuila rangi.

Kinga ya meno ipigwe mswaki kwa maji ya baridi kila baada ya kutumika na kuwekwa katika kikopo chenye matundu. Maji ya moto huharibu umbo lake, nayo huwa si ya meno yako tena. Hogu na soksi za kielektroniki zina taratibu zake: hogu ipanguswe tu kwa kitambaa chenye unyevu, isitumbukizwe majini, na betri itolewe kabla ya kuhifadhiwa.

Kinga za klabu ni amana

Mapunye na choa husafiri kwa helmeti na shingadi zinazopita kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Dawa yake ni utaratibu. Kila mchezaji aje na kitambaa cha pamba cha kuvaa chini ya helmeti, hata leso ya zamani, na aondoke nacho. Mwenye kidonda kibichi, upele au mapunye asivae kinga za pamoja mpaka apone, na aambiwe hivyo faraghani bila kuaibishwa. Kinga ya meno na kinga ya kinena hazina ushirika: kila mtu na yake.

Klabu iteue mtu wa zamu kila wiki. Aandike ndani ya kila kifaa kwa wino usiofutika namba na mwezi kilipoanza kutumika, avikague, na aweke daftari. Zamu hizi zipite kwa wote, wenye mkanda mweusi wakiwemo. Mtoto anayemwona mkubwa wake akisugua hogu aliyovaa mwingine anajifunza heshima ambayo kuinamiana kabla ya mpambano kunaitangaza.

Kutengeneza au kuacha

Mshono ukifunguka kidogo, mpelekee fundi siku hiyohiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fundi anayeshona turubai za malori au viti vya matatu ana sindano nene na uzi wa nailoni unaofaa hogu. Fundi cherehani wa kawaida uzi wake utakatika. Velkro iliyochoka hung'olewa na kushonwa mpya. Kabla ya kuihukumu, ichambue nyuzi na nywele kwa sindano, kwani mara nyingi tatizo ni uchafu tu.

Lisilotengenezeka ni sponji. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu na uachie. Shimo likibaki, au ukiugusa mfupa wa mwenye kuivaa kupitia humo, kinga hiyo imekwisha. Helmeti yenye ufa iachwe hata kama ufa ni mdogo. Wala usijaze sponji ya godoro badala yake: ni laini mno, teke huipita mpaka mwisho kana kwamba haipo. Kinga iliyokwisha ikatwe mikanda kabla ya kutupwa, asije mtoto akaiokota na kuiamini.

Kipimo hichohicho kitumie unaponunua mitumba sokoni Kongowea au kwa mchezaji anayeacha. Kidole gumba kwanza, kisha mishono, kisha harufu, bei mwisho. Fedha zikiwa chache, nunua kwa mpangilio huu: kinga ya meno na ya kinena, kisha shingadi na vigasha, halafu helmeti. Hogu inaweza kuwa ya klabu.

Likitokea la kutokea

Mtu akipigwa kichwani kisha akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida, zoezi lake limekwisha siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Apelekwe hospitali ya Port Reitz, au ile ya Makadara kisiwani hali ikiwa nzito, na asirudi kwenye mpambano mpaka daktari aseme. Kanuni za World Taekwondo humzuia mchezaji aliyeshindwa kuendelea kwa jeraha kubwa kushindana kwa siku 30 bila idhini ya kitabibu. Klabu ya mtaani isijipe uhuru mkubwa kuliko huo. Pigo la mbavu linalouma kila unapovuta pumzi nalo lipimwe. Kinga aliyokuwa ameivaa aliyeumia iwekwe kando na kukaguliwa kabla ya mwingine kuivaa.

Kabla ya zoezi lenu lijalo, tengeni nusu saa. Tandazeni kinga zote za klabu juu ya mkeka, zibonyezeni moja moja, ziandikeni namba, na tengeni zilizokwisha. Mkibaki na hogu nne nzima badala ya kumi mbovu, fanyeni mazoezi kwa zamu ya watu wanne. Wengine watapiga pedi, na wote watarudi kwa wazazi wao wakiwa wazima.